Mama Amelala

Kuna maneno ambayo Dorkas aliyasikia kila wiki, na kila akiyasikia alitamani kummwagia mtu maji: "Wewe si upo tu mchana."

Upo tu. Kana kwamba mchana ni kigoda na yeye amekikalia. Jirani akimngoja fundi bomba, ufunguo anaachiwa Dorkas. Shemeji akishusha gunia la tangawizi kutoka mlimani, lipokelewe stendi saa sita jua likiwa utosini, anapigiwa Dorkas. Msiba wa mtaani, mgonjwa wa kupelekewa uji, kikao cha harusi ya mtu ambaye hata jina lake halijui, yote yake. Usiku kucha amesimama kwenye pampu ya mafuta kando ya barabara kuu, hapo Same mjini, akijaza matangi ya malori, na asubuhi akirudi dunia nzima inamwona amepumzika. Jamani, usingizi wa mchana hauna mwenyewe. Mtu aliyelala usiku hata mwizi humnyatia, lakini aliyelala mchana anagongewa mlango kwa teke.

Haya, Mgala muue na haki umpe. Zamu ya usiku ilikuwa na mazuri yake, na Dorkas aliichagua mwenyewe, hakulazimishwa. Joto la Same si la mchezo, lakini usiku kuna ubaridi unaoshuka kutoka milimani. Meneja yuko kwake amelala, hakuna wa kukusimamia kichwani. Madereva wa usiku nao hawana makuu, wanataka mafuta, maji ya kunawa uso na mtu wa kuzungumza naye kidogo, basi wanaondoka.

Ila sababu hasa ilikuwa mtoto. Careen alipokuwa mchanga, baba yake, Fredrick, alikwenda Mirerani kutafuta madini, na mpaka leo anatafuta. Dorkas akabaki na mtoto na chumba kimoja cha kupanga. Akajiuliza, nikifanya kazi mchana, huyu nimwache na nani? Safia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akiuza vitenge, anashinda sokoni na kurudi magharibi. Lakini usiku Safia alikuwepo, na alikuwa na binti wa rika la Careen, Nasrin.

"Mlete alale na mwenzake, mama Careen," Safia alimwambia. "Kitanda kimoja, watoto wawili, kitakachoongezeka ni mateke tu."

Ikawa hivyo. Usiku mtoto kwa Safia, mchana kwa mama yake. Dorkas alijiona mjanja sana. Wenzake wa kazi za mchana walikuwa wakiwakuta watoto wamechoka, wanasinzia juu ya sahani, na yeye angekuwa na wake mchana mzima. Alichosahau ni kwamba huo mchana ndio ulikuwa usiku wake, na chumba ni kimoja, na pazia katikati ni kitambaa tu.

Basi Careen alikua na sheria moja: ssh, mama amelala. Alijifunza kuweka kikombe chini bila kukiliza. Alijifunza kwamba mlango wenye bawaba kavu ukiunyanyua kidogo haulalamiki. Alijifunza kucheka na kiganja mdomoni. Wageni walimsifu, mtoto gani huyu ana adabu hivi, na Dorkas alivimba kichwa. Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tunavyoambiwa. Dorkas alimkunja wake bila kujua kwamba anamkunja.

Alijua siku alipoitwa shuleni. Mwalimu Victoria alimfundisha Careen darasa la kwanza siku za wiki, na Jumapili alimfundisha tena kanisani, kwa hiyo kama kuna mtu aliyemjua mtoto yule nje ya nyumba, ni yeye.

"Mama Careen, mtoto amewahi kuugua koo?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi mpeleke wamwangalie. Nikimwuliza swali midomo inacheza, sauti haitoki. Wenzake wanamwita bubu. Sasa mimi mwisho wa mwaka nitaandikaje kwamba anajua kusoma, na sijamsikia hata siku moja?"

Dorkas alimpeleka. Koo likaangaliwa kwa tochi, likaonekana zima kabisa. Wakarudi nyumbani, na kwa kuwa usiku kuna kazi, Dorkas akajilaza. Nyuma ya pazia Careen alikuwa akicheza shule na vitambaa vyake alivyovifunga vikawa watoto. Yeye ndiye mwalimu. Mmoja wa wanafunzi alikuwa mtundu, na Careen alikuwa akimfokea. Alimfokea kweli, kwa hasira zote za mwalimu, na yote kwa kunong'ona.

Siku hiyo Dorkas hakulala. Alilia akiwa ameziba mdomo na shuka, maana hata yeye alikuwa ameshazoea kutopiga kelele mle ndani.

Alimwendea meneja, Anderson, akaomba ahamishiwe mchana. Anderson hakuwa mtu mbaya, tatizo lake alikuwa na majibu ya haraka.

"Dada Dorkas, mchana kila mtu anautaka. Niletee mtu wa usiku nikubadilishe leo hii. Halafu mtoto mwenyewe ukimwacha mchana kutwa, atakaa na nani?"

Swali hilo Dorkas alikuwa amejiuliza mara nyingi kuliko yeye. Fisi alishindwa na njia mbili. Dorkas hata hiyo moja hakuwa nayo. Akibaki usiku, mtoto ananyamaza. Akihamia mchana, mtoto anazurura mtaani mpaka Safia arudi kutoka sokoni. Akiacha kazi, watakula adabu ya mtoto? Aliondoka ofisini bila hata kuaga, akaenda kuvaa sare yake.

Likizo fupi ya Septemba ilipofika alimpandisha Careen Mhezi kwa bibi yake, Raheli, mama mzazi wa Dorkas. Na kule mlimani, ndugu zangu, hakuna kunong'ona. Nyumba zimepandana kwenye mteremko, shamba liko ng'ambo ya bonde, na mtu wa Mhezi akiwa na shida na jirani wa upande wa pili hafungi safari. Anaita. Analivuta jina mpaka livuke bonde, kisha anatulia kungoja jibu.

Raheli alishaambiwa habari yote. Hakumbembeleza mtoto wala hakumpa dawa. Aliinjika makande jikoni, akachukua mundu.

"Mimi nakwenda ng'ambo kukata majani ya ng'ombe," alisema. "Maji yakikaribia kukauka, simama pale kwenye jiwe uniite. Usiponiita yataungua, na tutayala hivyo hivyo."

Siku za kwanza waliyala yameungua. Raheli alitafuna yote, akakwangua mpaka ukoko. Halafu siku moja, akiwa ameinama majanini, akasikia sauti nyembamba inavuka bonde, inatetemeka, inafika: Biiibiii. Aliitikia kwa nguvu zake zote. Kisha, kama alivyomsimulia Dorkas kwenye simu, aliketi palepale juu ya majani mabichi, akacheka peke yake.

Careen alishuka na sauti yake. Gari lilipoingia stendi Dorkas alisikia "Mamaa!" ikitoka dirishani kabla hajauona uso, na abiria wote wakageuka. Alimbeba mtoto wa darasa la kwanza mgongoni kama kichanga, mpaka nyumbani, na hakujali nani anamtazama.

Kesho yake shule ilifunguliwa. Adhuhuri Dorkas alikuwa ndiyo kwanza amezama usingizini, maana asubuhi nzima aligongewa na watu wa mchango. Careen akaja mbio, akaita toka nje, "Mama, mama, mwalimu kasema!" Na Dorkas, kutoka huko chini alikokuwa, kabla hata macho hayajafunguka, akasema, "Ssh."

Neno moja tu la mazoea. Alipoketi na kujishika kichwa, mtoto alikuwa ameshasimama kando ya pazia, ametulia, na mlango nyuma yake alikuwa ameurudisha kwa kuunyanyua.

"Njoo mwanangu. Mwalimu kasemaje?"

Careen akamwambia, kwa sauti ya chini. Mwalimu amemchagua awakaribishe wazazi kwenye sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ile Jumapili ya mwisho wa Septemba ambayo sisi Walutheri huwaachia watoto ibada, wakaimba, wakaomba, wakatusemesha sisi wakubwa. Jioni Dorkas alimpitia Mwalimu Victoria kuhakikisha.

"Nimempa makusudi," mwalimu alisema. "Akisema pale mbele ya kanisa zima, darasani hatanyamaza tena. Akishindwa mbele ya wenzake wote, mama Careen, sijui sauti yake tutaitoa wapi tena."

Usiku ule, kabla ya kumkabidhi kwa Safia, Dorkas alichuchumaa mbele ya mtoto wake.

"Siku hiyo mama halali. Nitakaa benchi la mbele nikutazame. Wewe ita kama unavyomwita bibi makande yanapoungua."

"Macho wazi?"

"Macho wazi."

Aliomba ruhusa ya Jumamosi usiku mapema, na Anderson akaikubali bila neno. Salimu wa mchana angemshikia zamu. Jumamosi jioni, nguo nyeupe ya mtoto imeshapigwa pasi, simu ikalia. Salimu ana malaria, hawezi hata kusimama.

"Ingia wewe," alisema Anderson.

"Kaka, kesho nina kanisa. Mtoto anasema mbele."

"Kanisa ni asubuhi, na wewe unatoka asubuhi. Si utakuwa upo tu?"

Dorkas aliitazama ile nguo nyeupe, simu ikiwa sikioni. Alimjua mwenzake mmoja aliyekataa kuingia siku moja tu, akarudi Jumatatu akakuta mtu mwingine amevaa sare yake. Aliipima hasira yake, akaona haitoshi kulipia chumba. Akaingia.

Asubuhi alijimwagia maji chooni palepale kituoni, akavaa kitenge chake, akanywa kahawa chungu isiyo na sukari, akaenda kanisani kwa mguu ili upepo umpige usoni. Raheli alikuwa ameshuka kutoka Mhezi na gari la kwanza, amemwekea nafasi benchi la mbele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala wewe?"

"Nitalala baadaye."

Careen alikuwa amepangwa na wenzake kando ya madhabahu. Alimtafuta mama yake kwa macho, akamwona, akatabasamu. Dorkas naye alifumbua macho kwa vidole viwili viwili, kwa utani, mtoto akacheka bila kuweka kiganja mdomoni. Wimbo wa kwanza Dorkas aliuimba wote. Wa pili akauimba huku akijifinya paja. Kisha mtoto mmoja akasema, tuombe, na Dorkas akafumba macho kama watu wote.

Kosa lake lilikuwa hilo tu. Amina ya sala ile hakuisikia.

Yaliyofuata alisimuliwa na Raheli. Careen alipoitwa alitoka mbele kidevu juu, akasimama kama alivyosimama kwenye jiwe lake kule Mhezi. Alijaza kifua pumzi, Raheli aliona kabisa nguo ilivyotuna. Akamtafuta mama yake. Akamwona kichwa kimelala begani kwa bibi, mdomo umeachama kidogo.

Raheli alianza kumtikisa Dorkas. Careen akatikisa kichwa, hapana. Akaweka kidole mdomoni.

"Paza sauti, Careen," Mwalimu Victoria alimwambia kutoka pembeni. "Usiogope."

Mtoto hakuwa anaogopa. Aligeuka akamwonyesha mwalimu mama yake kwa mkono, kwa ustaarabu, kama mtu anayemweleza mgeni taratibu za nyumba.

"Mama amelala," alinong'ona. "Ametoka kazini."

Kisha akaligeukia kanisa, akawakaribisha wazazi maneno yote kama alivyofundishwa, hakuruka hata moja. Aliwashukuru kwa kuwatunza watoto usiku na mchana. Midomo ilionekana, mikono ilionekana, na watu wa mabenchi ya nyuma waliinuka nusu ili wasikie, hawakusikia. Mwisho akasema, Bwana Yesu asifiwe, kwa pumzi tu. Na wazee wa kanisa, akina mama, kwaya nzima na mchungaji, watu waliozoea kuitikia mpaka bati linalia, wakamwitikia kama alivyowaomba. Kanisa zima likanong'ona, amina.

Kunong'ona huko ndiko kulikomwamsha Dorkas. Alifumbua macho akaona watu wamemgeukia, na mwalimu anafuta miwani, na mbele pale hakuna mtu tena. Aibu ikampanda kutoka miguuni. Akataka kusimama, aseme sijalala, rudi mwanangu, rudia, nipo.

Careen alikuwa ameshafika kwenye benchi. Akajipenyeza katikati ya mama na bibi, akakivuta kichwa cha mama yake taratibu kukirudisha begani.

"Lala tu, mama," akamwambia kwa sauti ndogo. "Nimeshamaliza."