Mume Wangu Anataka Bastola Isiyo na Kufuli, na Mimi Ndiye Nimebaki Kuulizwa

Admin, naomba ufiche jina langu na mtaa wangu, maana huku Mtwara watu wanafahamiana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mke wa ndoa, mama wa watoto watatu. Mume wangu ana duka la jumla na alikuwa akipeleka bidhaa vijijini mpaka Kilambo. Ni mcheshi, mtu wa watu, hajawahi kuniinulia mkono. Nasema hivyo mapema ili msije mkaanza kuniambia niachane naye.

Mwaka jana akitokea Kilambo alivamiwa. Alisimama kukaza turubai la gari, watu wakaja kwa nyuma wakamsalimia vizuri tu, alipogeuka kuitikia akapigwa rungu. Wakamfunga kamba, wakachukua kila kitu, wakamtupa kwenye mikorosho mpaka wenye shamba walipomkuta. Kidonda kimepona, yeye hajapona. Mtu akimwita kwa nyuma anaruka. Akiingia mgahawani anatafuta kwanza ukuta wa kuegemea. Safari za vijijini ameacha kabisa, na duka linakufa huku tunaliangalia.

Sasa anasema dawa yake ameipata, nayo ni bastola. Tena si bastola yoyote, ni ile ndogo ya mzunguko, ambayo risasi zinakaa kwenye kigurudumu kinachozunguka, inayoenea kiganjani, ya bei ambayo tungemalizia nayo nyumba yetu ya Mpapura na chenji ikabaki. Aliiona Dar es Salaam akarudi na picha zake kwenye simu, anazitazama kuliko za wanawe. Sikukataa moja kwa moja. Nilimwambia, "Baba watoto, kama ni lazima, si ununue shotigani ikae dukani kwenye kabati la chuma?" Akacheka. "Shotigani nitaingia nayo msikitini? Au nitawaomba majambazi wanisubiri nikaifuate dukani?" Nikamuuliza mbona asichukue zile za bei nafuu wanazobeba wenzake. Hapo akanikalisha kama mwanafunzi. Zile zikiingia mchanga zinakwama, hii haikwami. Zile zina mambo mengi, mara uikoki, mara utoe kufuli ya usalama. "Hii haina kufuli, mke wangu. Haikuulizi kitu. Unaitoa mfukoni, unavuta, basi." Yeye alikuwa anaisifia, mimi ndiyo nikazidi kuiogopa.

Ngoja niwaambie kwa nini. Mume wangu ana binamu yake anaishi Ziwani, mtoto wa mjomba wake, na kwetu hao ni watani. Huyu amezidi. Akija kwangu hapigi hodi, anaingia jikoni kufunua masufuria na kutangaza kwamba mimi ni mke wake, mume wangu ameniazima tu. Juzi kati, mchana kweupe, mume wangu alikuwa uani anakata kuni. Binamu akanyata, akamkaba kwa nyuma na kusema kwa sauti nzito, "Toa pesa." Mume wangu aligeuka na panga. Panga nalo lina safari yake, mtu aliye mwepesi anawahi kuinama, na binamu aliwahi. Lilichukua kofia. Binamu akakaa chini, akaitazama kofia yake iliyochanika, akaanza kucheka. Mume wangu naye akacheka, akasema, "Leo ningerithi shamba lako." Majirani wakacheka na mimi nikacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, niliyaona macho yake. Hakujua kwamba yule ni ndugu yake mpaka panga lilipokwisha kupita.

Tulipobaki wawili nilijaribu kumwambia. Akanijibu, "Hata wewe siku hizi hujui utani?" Siku nyingine alinililia, mtu mzima, machozi kabisa. "Bila hiyo mimi sitoki tena. Mnataka nife huku nimekaa?" Nampenda huyu mwanaume. Nataka atoke, nataka acheke kama zamani, na sina kitu kingine cha kumpa.

Askari anayeshughulikia ombi lake la kumiliki silaha amepita kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani, wote wamemsifia. Amefika hata kwa binamu, naye akamwambia, "Huyo hata kuku anachinjiwa." Nimebaki mimi. Jana alinipigia simu, "Mama, Jumatatu tutaongea na wewe peke yako, tujue hali yake akiwa nyumbani." Nikisema niliyoyaona, mume wangu atajua yametoka kwangu, maana hakuna mwingine aliyeyaona. Ataona nimeungana na waliomfunga kamba.

Nikajaribu upande wa pili. Nilimfuata binamu Ziwani, nikamsihi, "Shemeji, nakuomba usimvizie tena mwenzako, hayuko sawa." Akanitazama kwa huruma ya kejeli. "Shemeji nawe, ndiyo mapenzi hayo? Kanichania kofia, lazima nilipize. Akiipata hiyo bastola yake nitamvamia siku hiyohiyo nimpokonye." Nikamwapia kwa Mungu kwamba sitanii. Akazidi kucheka, akaita na mkewe aje asikie. Nililia njia nzima kurudi mjini.

Ndugu zangu, nimekwama. Nikimwambia askari hapana, mume wangu ataozea pale ukutani akiniona adui. Nikisema ndiyo, itakaa mfukoni mwake sebuleni, msibani, kila mahali, na iko siku yule mtu atakuja nyumbani kwangu kutuchekesha, atanyata kama kawaida yake, na mimi ndiye nitakuwa nimeruhusu. Jumatatu hiyo inakuja. Nishaurini jamani, nimjibu nini yule askari? Na mlio watani humu, leo nawaomba msinitanie.