Mstari wa Buluu Ubavuni mwa Gari

Jumatatu moja nilimkuta bosi wangu amechuchumaa maegeshoni, tai shingoni, anasugua mlango wa gari lake kwa leso.

Mstari wa buluu. Umenyooka kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa nyuma.

Gari la mhasibu lilikuwa nao. La mchoraji wetu wa ramani pia.

"Watu wana roho mbaya," mhasibu akasema. "Huu ni wivu tu."

"Si wivu," nikamwambia, huku nashuka kwenye baiskeli. "Ni mimi."

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana najua mmeshanihukumu.

Nina diploma ya ujenzi, nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kandarasi, na kazi yangu ni kupima. Napima misingi, napima kuta, napima na ahadi za mafundi. Ofisini wananiita Mama Futi.

Nyumbani tuna gari moja. Mume wangu anaondoka nalo mapema kwenda upande wa pili wa mji. Mimi napanda baiskeli. Kilomita sita, dakika ishirini na tano, foleni siijui.

Shida ni wenye magari.

Kuna anayekupigia honi kisogoni wakati umeshabanwa ukingoni kabisa. Kuna anayekupita mbio ili awahi kusimama kwenye taa nyekundu.

Halafu akaja yule ambaye saiti mira yake, kile kioo cha pembeni, ilinigonga kiwiko. Akashusha kioo, nikadhani anataka kuniomba radhi.

"Mama, baiskeli ni ya watoto! Barabara hii unailipia?"

"Na kiwiko changu unakilipia wewe?"

Akakanyaga mafuta, akaenda zake. Kiwiko kikavimba kama yai.

Ningemeza tu yakaisha. Lakini jioni binti yangu alinikuta napaka dawa, akauliza swali moja.

"Kwa hiyo mimi na baiskeli ndiyo basi?"

Alikuwa ndiyo kwanza ameanza chuo. Chuo chenyewe kiko njia hiyohiyo, mbele kidogo ya ofisi yetu. Kila siku alikuwa ananiomba aende kwa baiskeli, na kila siku namwambia asubiri. Nilikuwa naogopa, sina haja ya kupamba maneno. Mtoto ninaye mmoja, na yale magari nayajua.

"Siyo basi," nikamjibu. "Nipe wiki tatu. Nawafundisha adabu kwanza."

"Utamfundishaje mtu aliye ndani ya gari, Mama?"

Nikaingia stoo.

Mafundi wa ujenzi wana unga wa chaki ya buluu. Unaupaka kwenye uzi, unauvuta uzi ukutani, unauachia, pah! Mstari umenyooka.

Nikachukua paipu nyembamba ya plastiki, ile ya kupitishia nyaya za umeme, nikaifunga kwenye keria ya baiskeli ielekee upande wa magari. Mita moja kamili. Kwenye ncha nikafunga sponji ya kuoshea vyombo, nikaichovya kwenye chaki.

Haikwaruzi, na ukimwagia maji inatoka. Ila ukinipita karibu kuliko mita moja, unaondoka na sahihi yangu.

Haya, turudi maegeshoni.

"Umenichafulia gari kwa makusudi?" bosi akauliza.

"Umejichafua mwenyewe, bosi. Mimi nilikuwa nimenyooka na njia yangu." Nikamkabidhi tepu ya kupimia. "Pima kutoka chini. Sentimita themanini. Ndipo sponji yangu ilipo."

Akapima. Themanini.

"Sikukuona," akasema.

"Nina kofia ngumu nyekundu na kizibao cha manjano kinachong'aa. Bosi, mimi naonekana kutoka mwezini."

Mhasibu akaangua kicheko. Akasahau kwamba na yeye ana mstari.

Bosi si mtu mbaya. Alikunja leso yake, akatutazama wote, akatoa hukumu.

"Kuanzia leo, atakayeingia hapa na mstari, vifaa vya siku hiyo atavifuata dukani yeye mwenyewe. Kwa baiskeli ya Mama Futi. Bila kubagua."

"Nani atabaguliwa?" nikamwuliza. "Mimi nina gari gani?"

Tukacheka.

Mhasibu alifuata misumari, akarudi suruali imetafunwa na mnyororo. Mchoraji alifuata gundi, akarudi anatembea kama aliyepanda punda siku mbili. Bosi alifuata bawaba, akarudi macho mekundu.

"Kuna mtu kanipigia honi kama nimemwibia mke!"

"Karibu barabarani," nikamwambia.

Wiki ya pili ofisini hapakuwa na mstari hata mmoja. Wiki ya tatu njia nzima ilikuwa inanikwepa. Nyumbani nilikuwa nasimulia kila siku, hadi mume wangu akaanza kujifanya amesinzia.

Ikafika Alhamisi.

Mume wangu alikuwa amesafiri kikazi, gari akaliacha. Saa mbili kamili nilikuwa na kikao na mkaguzi wa majengo pale ofisini, na mashine ya kupimia ardhi ni nzito, haibebeki kwa keria.

Binti yangu akanisubiri mlangoni, begi mgongoni.

"Mama, leo una gari. Na wiki tatu zimeisha."

Sikuwa na pa kukimbilia.

"Funga kofia vizuri. Siyo hivyo, kaza. Kizibao kivae juu ya begi, siyo chini yake. Na paipu usiitoe."

"Nitaonekana kama antena."

"Bora antena hai."

Akaondoka. Mimi nikabaki natafuta funguo za gari. Nikapekua kila mahali, dakika kumi na tano, kumbe nimezishika pamoja na zile za stoo.

Nikaingia barabarani jasho linanitoka. Lori limeharibika katikati ya njia, mkokoteni wa magodoro, kitu cha manjano pembeni, pikipiki mbili zinagombania mpenyo. Nikapenya kote huko kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikaegesha saa mbili kasoro dakika mbili. Nikajisifu kabisa.

Mkaguzi alikuja saa mbili na nusu. Hakuomba hata radhi.

Kikao kilipokwisha, bosi akachungulia mlangoni.

"Mama Futi, njoo nje. Njoo na tepu yako."

Gari letu ni jeupe. Mstari ulionekana tangu ngazini.

Nikacheka. "Haya, mmenipata. Chaki ipo wazi stoo ya hapa ofisini, nani kanichezea?"

Hakuna aliyecheka. Bosi akasema, "Pima."

Sentimita themanini.

Halafu nikautazama vizuri, kwa jicho la kazi yangu. Mistari ya wale wengine ilinyooka, kwa sababu mimi sikuyumba. Huu katikati ulikuwa umepanda, ukashuka, ukapinda kama nyoka.

Aliyeuchora aliyumba.

Na njia ile yote, paipu ya namna ile ilikuwa moja tu.

Nikajaribu kukumbuka. Lori. Magodoro. Kitu cha manjano. Kitu! Kizibao nilichonunua mimi, kofia niliyoikaza mimi mwenyewe, na nilipita pembeni yake nikaona kitu.

Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena. Haipokelewi. Mara ya tatu nikapiga huku nimeshashika funguo za gari.

"Lete funguo," bosi akasema. "Hali hiyo huendeshi. Nakupeleka."

Tukiwa tunafungua milango, simu ikaita.

"Mama, nilikuwa darasani. Kuna nini?"

"Umefika?"

"Si nimefika! Ila kuna kichaa mmoja hapo kwenye lori bovu, nusura anitupe mtaroni."

"Umeumia?"

"Goti limechubuka kidogo. Lakini nimempaka, Mama! Sponji nzima! Atajijua huko aliko."

"Ulimwona?"

"Nimwone saa ngapi? Mimi nilikuwa naangalia mtaro."

Nikaegemea gari.

Bomba la maji liko palepale maegeshoni, na ndoo yake. Bosi akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaingia ndani. Kuosha ni dakika mbili. Binti yangu asingejua maisha yake yote.

Nikaiacha ndoo mahali pake.

Mchana huo nilikwenda kuazima baiskeli ya mhasibu. Ndiyo, alishanunua yake. Nikaenda dukani kufuata rangi kwa adhabu niliyoshangilia ikitungwa.

Jioni niliegesha gari nyumbani, ubavu wenye mstari ukitazama mlango.

Binti yangu akafika, anasukuma baiskeli. Akasimama. Akagusa mstari, akatazama kidole chake. Akatazama goti lake.

"Mama."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unawahi nini?"

"Mkaguzi."

"Ukamwahi?"

"Alichelewa nusu saa."

Nikasema neno pekee nililokuwa nalo.

"Sikukuona, mwanangu."

Lilipotoka tu nikaisikia sauti ya bosi mdomoni mwangu.

"Kofia nyekundu, kizibao cha manjano," binti yangu akasema taratibu. "Si naonekana kutoka mwezini?"

Nikaomba msamaha. Sikuweka lori, sikuweka funguo, sikuweka "ila". Nikamwosha goti, nikampaka dawa ileile ya kiwiko changu.

"Adhabu nimeshaitumikia," nikamwambia. "Nimefuata rangi kwa baiskeli."

"Hiyo siyo adhabu, Mama, baiskeli unaipenda. Adhabu yako nimeshaipata. Wiki nzima tunakwenda wote. Mimi mbele, wewe nyuma. Na husemi neno."

"Hata 'angalia shimo'?"

"Hata hilo."

Wanaonijua wanaelewa ukubwa wa hukumu hiyo.

Leo ni siku ya nne, yeye kwenye baiskeli yangu, mimi kwenye ya mhasibu. Ulimi unaniwasha. Kwa kuwa siruhusiwi kusema, natazama, na nikiwa nyuma yake naona kila gari linalompita mwanangu. Madereva wa magari hayo si wabaya. Wana uso uleule niliokuwa nao mimi Alhamisi: mwili uko kwenye usukani, akili imeshaingia kikaoni.

Kwa hiyo wewe mwenye gari unayesoma hapa, kile kitu cha manjano mbele yako, kuna mtu asubuhi amekikazia kofia, akakisindikiza hadi mlangoni.

Mwachie mita moja. Mkaguzi wako naye atachelewa tu.