Tusi la Mama kwa Bwana Mkubwa

Nilipokuwa mtoto kule Mkange, nyumbani kwetu tembo hakutajwa jina. Aliitwa Bwana Mkubwa, na Bibi, mzaa baba, alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala. "Ana masikio mapana kuliko mlango wetu huu," alituambia. "Ukimtukana, atakuja kukuuliza."

Mama alikuwa mtu wa kuja, kaolewa kutoka Msata, upande wa bara, na hayo hakuyaogopa. Asubuhi moja tulikuta mabua kadhaa ya mahindi yamevunjwa shambani. Mama akatupa jembe chini, akageukia porini: "Litumbo lisiloshiba wewe! Huna hata haya!"

Bibi alishika kichwa. "Astaghfirullah! Umetuponza, mwanamke."

Wiki haikuisha. Tembo walikuja, wakamaliza shamba letu lote, lakini kwenye mashamba ya majirani, kushoto na kulia, halikuguswa hata hindi moja. Nani angebisha tena? Kijiji kizima kikaanza kumtazama mama kwa jicho baya.

"Mama, nimemsema mnyama tu, sijamroga mtu," alimlilia Bibi. Baba alikuwa kakaa hapo hapo, anachokonoa meno. Mama akarudishwa kwa kaka yake Msata na kifurushi kimoja, mimi nikabaki kulelewa na Bibi, yule yule aliyemfukuza. Bado nina hasira, wala sifichi.

Juzijuzi niliingia hifadhini Saadani kama mgeni, na tiketi yangu mkononi. Mwongozaji wetu, kijana mchangamfu, alisimamisha gari. "Haya ni mapito ya tembo tangu enzi za mababu zao," alisema, akionyesha nje ya hifadhi, bonde lenye mikoche upande wa Mkange. "Shamba likikaa katikati ya njia, litaliwa, la pembeni litapona. Tembo hajui mpaka wa hifadhi wala wa nchi, ndiyo maana sisi na majirani zetu wa Kenya tunawalinda pamoja." Wageni wakapiga makofi.

Shamba letu lilikuwa kwenye bonde lile. Nchi mbili zinakaa meza moja ili tembo asamehewe kutojua mpaka. Mama amezikwa Msata, na hakuna mtu wa Mkange aliyekwenda kumwomba radhi.

Tembo mmoja alikuwa karibu na gari. Nikashusha kioo, nikamtukana kwa maneno yale yale ya mama, kwa sauti, hata wageni wakanigeukia. Alipepea masikio yake mapana, akavunja tawi, akaendelea kula.