Dawa Inayosugua kutoka Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo karibu na Bisil, nesi msimamizi hakunionyesha kabati la dawa wala kitanda cha kujifungulia. Aliniamuru nizibe pua na mdomo. Nilipoanza kuhangaika, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mtoto akizaliwa bila kupumua, miguu inaweza kungoja, tumbo linaweza kungoja," alisema. "Ubongo hauna subira." Nilishika adabu siku hiyohiyo.

Enzi hizo tulikuwa na taulo kavu, mfuko wa mpira wa kusukumia hewa mapafuni, na mikono yetu. Tulimkausha mtoto, tukamsugua mgongo, tukampulizia. Wengi walilia, nasi tukatembea kifua mbele. Waliotutesa ni wale waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupumua vizuri asubuhi nzima, kisha akasahau tu. Ubongo wake ungali mchanga, haujaijua kazi yake. Kusahau huko huitwa apnia, na kila kunapotokea, ubongo uleule hukosa oksijeni na kuumia zaidi.

Nilipohamishiwa wodi ya watoto wachanga mjini Kajiado, tulikuwa tukitumia aminofilini, dawa ya pumu, kuwachangamsha. Ilisaidia, ila wengine iliwapigisha moyo mbio mpaka tukalazimika kuiacha. Baadaye daktari wa watoto, mama mkali asiyependa porojo, akatuletea kafeini. Ndiyo, ileile iliyo ndani ya kahawa, lakini imesafishwa na kupimwa kitabibu. Huamsha sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi, na moyo huivumilia vizuri zaidi. Hata hivyo alituonya kwamba dawa bila jicho la nesi ni maji.

Wa kwanza kuandikiwa dawa hiyo katika zamu yangu alikuwa kichanga wa kike wa familia ya wafugaji. Aminofilini ilikuwa imempigisha moyo mbio, tukaiacha. Mama yake alikuwa mpole, asiyetia neno mbele ya mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyekuwa na neno. Wodi nzima tulimwita Kokoo, yaani nyanya. Kabla hatujampa dozi ya kwanza, Kokoo aliingia, akamkuta mjukuu akinyonya kwa nguvu, akakunjua shuka la kumbebea. Gari la kukodi lilikuwa nje.

"Sista, huyu amepona," aliniambia. "Mbuzi akinyonya, huyo ni wa kuishi. Hiyo dawa peana kwa mgonjwa."

Sikuweza kumcheka. Bomani hiyo ndiyo sheria, na kwa mifugo haikosei mara nyingi. Lakini mwanambuzi huzaliwa akijua kupumua. Huyu wetu alikuwa bado anajifunza. Akipanda lile gari, angesahau njiani, shuka limemfunika, asionekane na mtu. Niliogopa kwelikweli. Nikamwomba Kokoo, kwa heshima zote, amwache amalize kunyonya, kisha ampakate akilala, asimwondolee macho.

Akakubali, shingo upande. Mtoto alinyonya kwa mama yake, akashiba, akawekwa mapajani mwa Kokoo, akalala. Kisha kifua kikatulia. Midomo ikaanza kuwa ya buluu. Kabla sijawafikia, Kokoo alikuwa tayari anamsugua nyayo kwa kidole gumba, kama anavyomsugua mwanambuzi aliyezaliwa amelegea. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi.

"Umemwamsha vizuri, Kokoo," nilimwambia. "Sasa huko nyumbani ukilala, nani atamsugua?"

Alinitazama sana. "Hiyo dawa inasugua?"

"Inasugua kutoka ndani. Hata wewe ukilala."

"Basi leta."

Gari liliondoka bila wao. Tulimpa mtoto dozi kubwa ya kuanzia, kisha ndogo kila siku. Kokoo alihamia kwenye kiti cha pembeni, na ole wake nesi aliyechelewa na dawa. Kusahau kukapungua, kukawa kwa nadra, kukakoma. Tulipomwachisha dawa tuliendelea kumchunga, na pumzi haikukatika tena. Daktari alimpima, akatabasamu, jambo lililotushangaza kuliko kafeini yenyewe. Walipotoka mlangoni tulicheza wodi nzima. Mimi nilicheza vibaya kuliko wote, na sijuti.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku hapa Kitengela. Manesi vijana huja kunisikiliza, nami sioni haya kujisifu. Tulishinda, nawaambia, na ushindi wenyewe si kwamba mtoto aliishi tu. Tuliupigania ubongo wake.

Juzi Kokoo alinitembelea na yule mjukuu, ambaye sasa anasoma shule ya msingi. Msichana akainamisha kichwa, jinsi watoto wa Kimaasai wanavyowasalimu wakubwa. Nikaweka kiganja juu ya kichwa kile, nikakiacha hapo kupita desturi. Alipoinuka, maswali yakaanza: mbona kuku hawana majina, mbona jogoo anawika mchana, nani alimfundisha kuwika. Kokoo akaomba radhi, akasema mtoto huyu anauliza mpaka watu wanachoka.

"Mwache aulize," nilimwambia, na machozi yakanitoka. "Mimi sitachoka."