Kikaratasi Alichokishika Neda

Neda, binti wa fundi vyuma wa mji mdogo wa Knjaževac, alisomea uhandisi wa umeme hapa mjini Niš, akikaa kwenye bweni ninalosafisha, ambako wanafunzi wote huniita shangazi. Akili alikuwa nazo. Kilichomwangusha mara mbili ni mkono wake.

Mtihani wa mdomo huanza kwa kuokota kikaratasi cha maswali kilichofunikwa mezani. Profesa wao hukuruhusu ukirudishe uokote kingine, ila anakukata alama. Mara zote mbili Neda aliingiwa na hofu, akarudisha alichokijua, akaokota asichokijua. Kama angeanguka tena, serikali ingeacha kumlipia ada, na baba yake hana uwezo huo.

Wiki mbili kabla ya mtihani nilimkuta jikoni anakunywa kahawa, hajala tangu jana.

"Shangazi Desanka, kichwani hamna kitu."

"Tumboni ndimo hamna kitu. Kula maharagwe haya, kisha unieleze huo umeme wako."

"Wewe? Si uliishia darasa la nne?"

"Niliishia hapo ili kaka yangu asome. Naye alipopata cheo akanitoa kwenye nyumba ya urithi. Haya, sema, msomi."

Akacheka, akaona haya.

Tukaandika maswali yote kwenye vikaratasi, tukavitia sufuriani. Kila asubuhi aliokota kimoja, akanieleza huku napiga deki. Nisipoelewa, nilimsimamisha. Akitaka kurudisha, nilifunika sufuria.

"Shangazi, hiki kigumu!"

"Basi anza na kile kidogo unachokijua. Na jioni ulale."

Siku yenyewe niliomba ruhusa, nikakaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani. Mlango ulikuwa wazi. Neda akaokota, akasoma, akarudia kusoma.

"Unabadilisha, binti?" profesa akauliza.

Mkono wa Neda ukaenda hadi katikati ya meza. Ukasimama.

"Hapana, profesa. Naomba nianze na swali la tatu."

"Anza popote."

Akaanza polepole, kama anavyomweleza mtu asiyejua. Alikwama mara mbili, akavuta pumzi, akaendelea.

Alitoka amelowa jasho.

"Saba kwa kumi, shangazi."

"Mpigie baba yako."

"Nitampigia. Ngoja kidogo."

Akaegemea bega langu, akalala palepale. Sikumwamsha.