Kamera Inayoitwa Marehemu

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, ni mpiga picha. Mtaa mzima unamwita Bwana Giza kwa sababu ya kile chumba anachosafishia picha nyuma ya studio. Giza la mle si la mchezo. Nzi aliwahi kuingia, akatoka anauliza njia ya kwao. Nami nikamwelekeza.

Shingoni huvaa kamera mbili. Moja nzima, yenye filamu. Nyingine ilikufa zamani, imebaki na mlio tu. Huyo ndiye Marehemu. Ukikaa mbele ya mdogo wangu, kwanza anabonyeza Marehemu: kacha! Wewe unadhani yamekwisha, unashusha mabega, unamtania uliyekaa naye. Papo hapo anabonyeza ile nzima. Ndiyo maana picha zake zina watu; za wenzake zina nguzo.

Basi binti yake akaja na kamera ya kidijitali. "Baba, hii haitaki filamu wala giza."

"Na mimi hainitaki. Kila mtu ataweza kubonyeza. Mimi nitabaki nani?"

"Mbishi," nikamsaidia.

"Dada, nyamaza."

Wiki hiyo alikosa hamu ya chakula, akawa anakula sahani mbili badala ya tatu. Filamu ilibaki moja, na muuzaji alishasema haleti tena. Mwishowe akakata shauri: filamu hiyo atampigia fundi makufuli wa mtaani na familia yake, binti naye apige pembeni kwa kamera yake. Picha zenyewe ndizo zitakazoamua kamera ipi ibaki.

Fundi makufuli hufungua kila kilichofungwa isipokuwa uso wa mama mkwe wake. Akaja naye, na mkewe katikati. Wakakaa. Kacha!

"Tumemaliza?" mama mkwe akauliza, huku anavua kiatu kilichombana. "Nilikaa kama nangoja sindano."

"Mama, hata kufuli lina kitundu cha ufunguo," mkwewe akasema. "Wewe ulijifunga kote."

Mama mkwe akaangua kicheko mpaka kiti kikasogea. Bwana Giza akabonyeza. Wakaendelea hivyo hivyo mpaka akahesabu kwamba filamu imeisha.

Akaingia gizani kuisafisha. Alipotoka, ameshika mkanda mweupe pe, hauna hata kivuli cha mtu. Kwa mawazo aliyokuwa nayo, ile filamu ya mwisho alikuwa ameiweka ndani ya Marehemu!

"Umemlisha maiti," nikamwambia, "mzima kashinda na njaa."

Hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyefiwa kweli. Binti akamsogezea kioo cha kamera yake. Mama mkwe huyo, kiatu mkononi, meno yote nje, mkwewe kamwinamia begani.

"Umejuaje kubonyeza hapo?"

"Nilikuwa namngoja Marehemu, Baba. Akilia tu, najua watu wanafunguka."

Mdogo wangu akaitazama picha, akamtazama Marehemu kifuani pake, kisha akacheka hata akajifuta machozi kwa ule mkanda mweupe.

Kesho yake alitoboa dirisha kwenye chumba cha giza. Nzi wangu sasa anapita bila kuuliza. Shingoni bado kamera ni mbili: ya kidijitali na Marehemu wake. Mteja wa kwanza nikawa mimi.

"Dada, usikunje uso."

Kacha! Ujanja wake naujua miaka yote hiyo, lakini mabega yakashuka yenyewe.