Jiwe Nililomtunza Mwanahawa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio hunipata joto kwanza, kisha ndipo nacheka. Hiyo ndiyo nitakayokuandikia, kwa sababu umeniuliza jambo na mimi sina jibu fupi. Umesema wazee wa mtaa wako wamekufuata, wanataka usimame katikati ya ngoma, wewe mwimbaji ambaye jina lako sasa linajulikana Chole mpaka Bwejuu, uwaombe watu wachangie paa la chuo cha Kurani. Nawe una shaka. Unauliza kama ni haki mtu mwenye jina kuomba kwa watu, au ni kujitafutia sifa kwa jasho la wengine.

Karatasi hii nimeianza mara tatu. Chuo mimi niliishia juzuu chache, na mwandiko wangu ni wa kubahatisha. Pengine nitalitanguliza la nyuma na kulichelewesha la mbele. Nitajitahidi tu nisimwonee mtu.

Wewe unanijua bibi mwenye kikohozi. Hukunijua nilipokuwa Zumari. Ndilo jina walilonipa hapa Juani zama za Mdachi, nilipokuwa manju wa lelemama, ngoma ya wanawake wa mtaa wa Pwani, yaani mimi natoa wimbo na wenzangu wanaitikia. Harusi ikiwa na Zumari, watu walivuka maji kutoka Chole kuja kusikiliza. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au labda najisifu, Mungu anisamehe. Mtaa wa Juu nao walikuwa na lelemama yao na manju wao, Mwanahawa. Wakati ule ningekatwa ulimi kabla sijalitamka neno hili, lakini haki ni haki: sauti yake ilikuwa nzuri, na kwa nyimbo za taratibu alinishinda.

Baina ya mitaa yetu miwili kulikuwa na kisima kimoja. Mwaka huo masika yalikuja kwa hasira, kingo za kisima zikamomonyoka, na asubuhi moja tukakuta shimo limejaa udongo. Tukawa tunakwenda kuteka mbali, kwenye kisima cha mashamba, njia ya mawe matupu. Dada yangu Mwanaidi alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimba mbili za kabla zilikuwa zimemtoka. Siku ya tatu ya safari zile aliteleza na mtungi kichwani, mtungi ukapasuka, yeye akaangukia magoti. Mimba haikutoka, alhamdulillahi, ila mkunga alimwambia: "Njia hii usiipite tena, la sivyo na huyu utamzika." Tangu hapo nikawa nateka ya nyumba mbili, na kila nikirudi namkuta dada ameketi, mkono tumboni, ananiangalia usoni kama mtu anayesubiri hukumu.

Alikuwapo fundi wa chokaa, Mzee Makame, mtu mfupi, mikono imeliwa na chokaa hata alama za vidole zimefutika. Alisema atakijenga kisima upya kwa mawe, bila ujira. Alichotaka ni mawe ya pwani, mengine ya kujengea na mengine ya kuchoma chokaa, pamoja na kuni za tanuu. Aliwaambia watu msikitini, akawaambia sokoni. Watu wakasema inshallah. Ikapita wiki, ikapita ya pili, na kisimani hapakuwa na jiwe hata la kumtupia kunguru.

Basi nikajiambia: sauti ninayo, mimi nangoja nini? Harusi ya kwanza iliyotokea, watu walipokwisha pata moto, nikatoa wimbo:

Kisima kimeanguka, mawe na kuni leteni,
Mlango mnaujua, kwa Zumari yatueni.

Mwanangu, asubuhi yake hata mlango ulikuwa haufunguki! Mawe huku, magogo ya mikoko kule. Watu walipita na mizigo vichwani wakiita, "Zumari, langu hili hapa, usije ukalisahau!" Nami nimekaa barazani, nimevaa kanga mpya, naitikia kama mke wa liwali. Fundi Makame aliyoyaomba kwa wiki mbili asipate, mimi niliyapata kwa ubeti mmoja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mtaa wa Juu hawakuleta hata kokoto. Sikujiuliza kwa nini. Harusi iliyofuata nikawatungia wimbo kwamba wao na manju wao wana mkono wa birika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Jirani aliniambia kwamba Mwanahawa aliposikia aliendelea tu kupepeta mchele wake.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu mwanzo. Bi Sharifu, mkubwa wa ngoma yetu, alikuja akayazunguka magogo yale, akayapigapiga kwa fimbo.

"Kuni nzuri hizi," akasema. "Zitatosha kupikia pilau ya ngoma ya wiki hii. Tuwalishe watu mpaka wa Juu wafunge midomo."

"Lakini ni za tanuu, Bi Sharifu. Ni za kisima."

"Zimeletwa na nini? Si kwa wimbo? Kinacholetwa kwa wimbo ni tunzo. Tunzo ni la manju, na la manju ni la ngoma. Au umekuja na ada mpya, mwanangu?"

 Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mwimbaji akikupendeza unamtunza, yaani unampa zawadi, na ulichomtunza hakiulizwi tena. Simlaumu Bi Sharifu. Yeye alilea mayatima wawili kwa sufuria ya ngoma ile ile. Alikuwa anashika ada kama alivyofunzwa. Aliyechanganya maji na tunzo nilikuwa mimi.

Nikamkimbilia Mzee Makame. Nilimkuta anachonga mpini wa shoka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeleta mawe au umeleta sauti?"

Nikamweleza yote, nikamlaumu Bi Sharifu, nikawalaumu wa Juu kwa ubahili wao. Akaniachia nimalize. Kisha akasema, "Kisima kiko wapi?"

"Si pale, babu, baina ya mitaa."

"Na mawe yako wapi?"

"Kwangu."

"Basi umejenga nini? Mtu wa Juu akitua jiwe mlangoni kwako, jioni wenzake watasema amehama ngoma. Wewe ulimwomba jiwe au ulimwomba ahame?  Na wewe mwenyewe, Zumari, katika lundo lile jiwe lako ni lipi?"

 Jiwe langu halikuwamo, mwanangu. Niliomba kijiji kizima, na mimi sikuinama pwani kuokota hata moja. Nilidhani kuimba ndiko kutoa.

"Husifiwa mgema, tembo likatiwa maji," mzee akasema, akaupuliza mpini wake. "Wewe umesifiwa, na maji yenyewe hatuna hata ya kutia. Haya, nenda. Kuomba kwako si kubaya. Jifunze kutoa, kisha uombe tena."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mwanaidi anaosha uso kwa maji ya kikombe kimoja, ananawa kidogokidogo, mengine anarudisha. Nikaona haya ambayo sikuiona mbele ya mzee. Nikachukua mtaimbo, nikang'oa jiwe la kona la baraza yangu, lile nililokuwa nalikalia nikipokea sifa.

Ijumaa ile, baada ya sala, wa Juu walikuwa na lelemama uwanjani kwao. Nikaenda peke yangu, jiwe kichwani, wala sikuwaaga wenzangu maana wangenizuia. Ujue kwamba manju hamtunzi manju mwenziwe. Ukimtunza, umekiri mbele ya watu kwamba amekushinda, na wimbo wa kushindwa kwako utaimbwa hata na watoto wa kunyonya. Nilijua hivyo kila hatua niliyoipiga. Shingo iliniuma.

Nilipoingia uwanjani ngoma ikakatika. Mmoja akasema, "Ee, birika limekuja na mkono wake!" Wakaangua kicheko, na walikuwa na haki.

Nikapita katikati, nikaliweka jiwe miguuni pa Mwanahawa.

"Nimekutunza," nikasema.

Akaniuliza, "Leo zumari halilii?"

"Limekauka kwa kiu, dada. Nilikutukana bila kosa. Kisima ni chenu kama kilivyo chetu, na mimi nilikipeleka mlangoni kwangu. Nisamehe, au niimbie, upendavyo."

 Mwanahawa akainama, akalipima jiwe kwa mikono yote miwili.

"Zito," akasema. "Ungenitunza kanga, ningejua pa kuivaa." Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akapaza ile sauti yake, sasa haimbi, anasema: "Ada yetu nyote mnaijua. Tunzo ni la manju. Si ndivyo?"

"Ndivyo!"

"Hulifanyia atakalo. Si ndivyo?"

"Ndivyo!"

"Basi hili nalipeleka kisimani."

Akajitwika. Akatoka uwanjani mbele yetu sote, kiuno kimenyooka kama anakwenda kuposwa, na mtaa wa Juu wote ukamfuata, wengine wakipitia pwani kuokota lao. Mimi nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa nimebishana na Bi Sharifu nikisema si tunzo, kumbe jibu lilikuwa ndani ya ada yenyewe: ni tunzo, ni langu, na langu nalipeleka nitakapo!

Nikakimbia nyumbani. Bi Sharifu alikuwa anapanga mafiga kwa ajili ya pilau yake. Nikamwambia maneno yale yale ya Mwanahawa, neno kwa neno.  Akatazama barabara, akawaona wa Juu wanashuka na mawe vichwani.

"Watatutangulia hawa?" akafoka. "Hebu nitwikeni gogo hilo! Hilo kubwa! Mnafikiri nimezeeka?"

Mwanangu, laiti ungeiona Juani alasiri ile! Pwani na Juu waligongana vikumbo njiani, kila mmoja anataka kutua kabla ya mwenzake, na Mzee Makame amesimama juu ya ukingo akipiga kelele, "Ya kuchoma huku! Ya kujengea kule! Wewe, usilitaje jina lako, jiwe halina jina!" Hilo alilikataza kabisa. Aliyeleta kumi na aliyeleta moja yote yaliingia lundo moja, na mjane asiyekuwa na nguvu za kubeba alitwangia wabebaji mihogo, asiulizwe lake liko wapi. Tanuu lilipowashwa, lelemama mbili zilisimama upande huu na upande ule. Mimi nikatoa ubeti, Mwanahawa akaujibu. Nani alishinda? Waulize wa Pwani watakwambia mimi. Nasema kweli, sijui, na ni mara moja tu katika maisha yangu ambapo sikutaka kujua.

Kisima kikajengwa. Maji yalipotulia na kung'aa, mtungi wa kwanza Mwanahawa aliuteka kwa mkono wake, akaupeleka moja kwa moja kwa Mwanaidi. Miezi haikuwa mingi dada akajifungua salama mtoto wa kike, akaogeshwa kwa maji yale. Mtoto yule ndiye mama yako. Kisima bado kipo, nawe umekunywa maji yake.

Basi ulipouliza kama mwenye jina aombe, nimekaa nikapima pande zote mbili. Wapo wasemao asiombe kamwe, kwa kuwa watu humpa yeye badala ya kuipa haja. Wamesema kweli, mimi ni shahidi. Lakini Mzee Makame aliomba kwa haki yote na hakupata kitu mpaka wimbo ulipoimbwa, na hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo omba, mwanangu. Sauti hukuinunua, umepewa, na aliyepewa naye hutoa. Ila siku utakayosimama, liwe lako limekwisha tua kabla ya la mwingine, na liwe la kukuuma, si la kukuonyesha. Vitu vipelekwe penye haja, mlangoni kwako pabaki peupe. Mahasimu wako waite kwanza, kwa maana paa la chuo litawafunika na watoto wao. Na asiyetoa usimtaje kwa wimbo. Hujui amebeba nini kichwani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Huenda nimekosea mahali. Walio na elimu watanisahihisha. Lakini hili la jiwe sikulisoma, lilinikaa shingoni.

Mola akupe sauti isiyokauka na mkono unaoutangulia mdomo kwa kutoa. Akupe mshindani mwema kama alivyonipa mimi Mwanahawa. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya paa hilo, watoto wakae pakavu wakisoma, nawe uwe umesimama nje miongoni mwa watu, umelowa kama wao, unacheka. Amina.